Waya wa Kipande Kimoja

4 Februari 1989

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kama macho bado yanakusumbua, mpe mwenye nyumba wako akusomee, ila aruke mahali nitakapomsema. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anaendelea na useremala wake, vumbi la mbao tunalinywa mpaka kwenye chai. Binti yetu, Bi Mkubwa, ametimiza miaka sita na anatutawala wote wawili. Juzi alimwamuru baba yake avue viatu mlangoni, naye, mtu mzima mwenye ndevu, akavua. Dada mkubwa anakusalimu sana. Wamehamia nyumba yao mpya, na mtoto wake wa tatu ameanza kutembea, kwa hiyo hakuna kikombe kilicho salama.

Habari yangu kubwa ni hii. Ile nyumba ya wageni nilimokuwa nikipika imefungwa. Siku ya kuagana kila mtu alipewa kitu, mwingine kiti, mwingine mapazia, mimi nikaondoka na oveni. Si jiko dogo la kuweka mezani, mjomba. Ni oveni ya kujengea kabatini, milango miwili ya kioo, inameza mikate arobaini kwa mkupuo. Mume wangu ameitengenezea kabati zuri mpaka majirani wanakuja kuligusa. Nataka nioke mikate ya kuuza, maana kukaa nyumbani kunanitia wazimu.

Sasa swali, na fundi wa ukoo ni wewe. Oveni kama hii inataka waya gani? Kibati chake kimeandikwa wati 6000. Mume wangu anasema waya ni waya. Mimi nikasema ngoja nimuulize mwenye kazi yake. Tuko kwenye kuchagua tu, hatujagusa kitu.

Wasalimie wote.

Mpwa wako,
Sindano

Nilitaka kusahau: kuna jirani yangu anauliza, ukuta uliopitishwa waya ukiwa na uvuguvugu kidogo, ni kawaida?


27 Februari 1989

Sindano, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa kile kioo cha kukuzia, neno kwa neno, imenichukua asubuhi nzima. Mwenye nyumba nilimnyima, kwa hiyo hajui kama amesemwa. Jicho la kulia limefunga ukungu kabisa, la kushoto linanionea huruma. Daktari anasema atanipasua mwezi wa Juni. Magoti nayo yameamua kustaafu kabla yangu. Zaidi ya hapo mimi mzima, nakula, nalala, nagombana na kuku wa watu. Kumbe Bi Mkubwa ameshafika miaka sita! Mwambie babu yake wa mbali naye atavua viatu akija.

Mkwe wangu mwambie hivi: waya si waya, kama vile mbao si mbao. Atanielewa.

Tuje kwenye hesabu. Wati elfu sita ukigawanya kwa mia mbili na arobaini za umeme wa nyumbani, unapata ampea ishirini na tano. Huo ndio mzigo. Waya wa unene wa milimita mbili na nusu za mraba, ule wa soketi za kawaida, ukiupa mzigo huo ni sawa na kumtwika mtu gunia lililomzidi. Leo atafika, kesho atafika, keshokutwa mtamkuta njiani. Waya wa nne ungejikongoja kama umepita nje, penye hewa. Lakini ukipita ndani ya bomba, nyuma ya mbao, joto lake halina pa kutokea. Chagueni wa sita. Upewe njia yake peke yake kutoka meinswichi, usichangie na taa wala soketi. Uwe na fyuzi yake, na swichi kubwa ukutani mahali ambapo mkono unafika bila kupita juu ya oveni inayowaka.

Na jambo la mwisho ndilo la kwanza: uwe kipande kimoja. Waya wa jiko hauungwi njiani. Ukipungukiwa na waya, sogeza oveni.

Ule waya niliowaletea siku ya harusi uacheni ulale stoo. Miaka minane ni mingi, plastiki yake itakuwa imekakamaa. Nilisema nitakuja kuufunga kwa mikono yangu, na macho yenyewe ndiyo haya. Nunueni mpya.

Huyo jirani mwambie ukuta hauna homa. Azime kwanza, aulize baadaye.

Mjomba wako


19 Machi 1989

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Pole sana na macho. Juni si mbali, tunakuombea. Nimechelewa kujibu, usinikasirikie, kazi zimenifunga. Bi Mkubwa ameng'oka jino la kwanza. Amelitia kwenye kiberiti kitupu na anatembea nalo, ukitaka kuliona lazima uombe ruhusa. Dada mkubwa yuko salama.

Barua yako tuliisoma mezani. Nilipofika pale pa mbao si mbao mume wangu alicheka, halafu akaacha kucheka. Mjomba, nina jambo la kukwambia, nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unigombeze. Waya umeshafungwa. Umefungwa tangu mwezi wa kwanza. Nilipokuandikia ile barua nilikuwa naoka tayari. Nilitaka tu uniambie kwamba wa sita unatosha, ili nipate usingizi.

Na ni wa sita kweli. Nimeuona kwa macho yangu unavyochungulia pande zote mbili, pale kwenye meinswichi na huku kwenye oveni, mnene kama inavyotakiwa. Umevishwa bomba la kijivu njia nzima. Aliyefunga ni mume wangu, akisaidiwa na fundi mmoja wa mtaa wa pili. Tuliununua dukani.

Hakuna jirani. Jirani ni mimi.

Ukuta wenyewe ni wa chumba cha Bi Mkubwa. Bomba linatoka kwenye boksi la mita, penye meinswichi, pale barazani, linapita nyuma ya mbao za chumba chake, linakata ukumbi, linaingia jikoni. Unajua mume wangu na mbao. Ule ukuta ameupigilia mbao zilizorandwa mpaka zinateleza, akazipaka rangi ya maziwa. Ijumaa na Jumamosi oveni inawaka masaa matano mfululizo, kwa mikate ya shule na ya hospitali. Yakipita masaa matatu, kuna mahali pamoja ubao unakuwa vuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Wiki iliyopita nimesikia na harufu, kama ya kitana kilichowekwa karibu na moto. Mume wangu anasema ni rangi mpya. Rangi ilishakauka zamani.

Aliyegundua kabla yangu ni Bi Mkubwa. Kitanda chake kiko palepale. Anaegemeza mgongo kwenye ubao, anawapanga wanasesere wake, anasema ukuta wake unamkumbatia. Sasa siku za kuoka naondoka jikoni kila dakika kumi kwenda kugusa ukuta. Naunguza mikate kwa kuogopa ukuta.

Mume wangu anasema, "Ingekuwa hatari fyuzi ingekatika. Imekatika lini?" Fyuzi ni ya thelathini na haijakatika hata siku moja. Ni kweli anavyosema?

Ule waya wako wa harusi usiwe na wasiwasi nao. Umelala salama.

Mpwa wako mkosaji,
Sindano


6 Aprili 1989

Sindano,

Marahaba. Macho vilevile, magoti vilevile. Salamu kwa mkwe wangu na kwa mwenye jino. Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, lakini leo zinanikwama.

Sikugombezi. Nisikilize. Fyuzi ni mlinzi, na mlinzi analinda mlango aliowekewa. Ya thelathini inalinda waya wa sita. Kama ndani ya ukuta kuna mahali waya ni mwembamba, au mahali pamesokotwa mkono kwa mkono, fyuzi haina habari. Itakaa kimya huku pale mahali panaiva. Mwambie mkwe wangu kwamba kutokatika kwa fyuzi si cheti.

Waya wa sita ulio mzima, ukibeba ampea ishirini na tano, hauchomi mahali pamoja. Ungepata joto kidogo, sawasawa, njia nzima. Joto la mahali pamoja lina sababu yake hapohapo.

Sasa fanya ninayokwambia. Usioke. Najua kuna hospitali, najua kuna shule, usioke. Kitanda cha mtoto kihame leo, si kesho. Halafu chukua futi ya mume wako, anzia kwenye boksi la mita, fuata njia ya bomba mpaka pale penye joto, na uniandikie ni mita ngapi. Pima vizuri. Uangalie pia kama kuna pengine mbao zimebadilika rangi, napo upime. Ukigusa ukuta gusa kwa mgongo wa mkono. Kiganja cha mpishi kimezoea moto, kitakudanganya.

Na uniambie jambo moja. Ni duka gani linalouza waya uliokwisha kuvishwa bomba? Nimefanya kazi hii miaka thelathini na minne, sijaliona. Labda siku hizi yapo.

Jibu siku hiyohiyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi huku sina fimbo nyingine zaidi ya kalamu.

Mjomba


22 Aprili 1989

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa posta siku nne kabla hawajaileta, nisamehe. Sisi wazima. Bi Mkubwa alikuwa na homa kidogo, imepita.

Nimehamisha kitanda upande wa dirisha. Mwenyewe hakupenda, anasema kule baridi. Kuoka nimeacha Ijumaa. Jumamosi bado, mjomba, usinipigie kelele. Hospitali wanategemea mikate yangu, nikiwaangusha mara moja watatafuta mwingine, na mume wangu hana kazi kubwa mwezi huu. Lakini Jumamosi zenyewe mkono wangu mmoja uko kwenye unga na mwingine ukutani.

Mume wangu hataki kung'oa mbao. Tuliongea mpaka tukakosana. Alisema, "Nibomoe kazi ya mwezi mzima kwa maneno ya barua? Mzee anataka tu kuitwa aje atusimamie." Samahani, naandika kama alivyosema. Halafu akaninyooshea futi, akasema, "Haya, pima."

Nimepima. Kutoka boksi la mita mpaka mahali penye joto kali ni mita tisa na shubiri moja. Mahali pa pili nimepaona kwa sababu ya kuangalia sana: karibu na mlango wa jikoni rangi imegeuka njano kama jani la kitabu cha zamani. Ni mita ishirini na moja. Katikati ya sehemu hizo mbili mbao zina uvuguvugu mdogomdogo njia nzima, lakini kabla ya tisa na baada ya ishirini na moja ni baridi kabisa. Sielewi maana yake. Wewe utaelewa.

Kuhusu duka, aliyekwenda ni mume wangu, mimi sijui. Ila karatasi iliyokuwa imefungwa kwenye waya ninayo, nimeitunza kwenye kopo la sukari. Imeandikwa hivi: Waya wa sita, mita thelathini, kipande kimoja, wa kuaminika. Mwandiko mzuri tu. Karatasi ikisema hivyo, mjomba, si ndivyo ilivyo?

Naogopa. Nimekaa nikitafuta neno jingine la kuandika hapa, sina.

Sindano


SIMU YA MAANDISHI
3 Mei 1989

ZIMA MEINSWICHI SASA. TOA FYUZI YA OVENI. MTOTO ATOKE CHUMBA HICHO. MSINGOJE BARUA. MJOMBA


3 Mei 1989

Mwanangu Sindano,

Nimetoka posta kutuma simu ya maandishi, naandika hapahapa kwenye benchi la nje. Naomba iwe imekukuta mko wote. Naandika bila kioo, kwa hiyo mistari itapanda na kushuka, vumilia.

Hakuna duka. Waya ule ni wangu, na wewe unajua ni wangu. Mwandiko mzuri uliousifu ni wa kwangu.

Unakumbuka siku za kupanga harusi yako. Baba mkwe wako na duka lake la vifaa vya ujenzi, mtu wa kugusa kila zawadi kama anayetaka kuinunua. Alisema mbele ya watu kwamba upande wa mama wana maneno mengi na mikono mitupu. Mama yako, dada yangu, aliinama akaangalia viatu vyake. Mimi niliona. Nikajiapiza kwamba siku ya harusi sitaingia mikono mitupu.

Nilitaka kuleta roli zima la waya wa sita, mita thelathini, ili siku mtakayojenga msihangaike. Nilikuwa na mita kumi na nane tu. Nikazikata katikati, tisa na tisa. Kati yake nikaunga mita kumi na mbili za waya wa mbili na nusu. Nilizisokota kwa koleo, nikazungushia utepe mweusi, nikavuta zote ndani ya bomba la kijivu, ili kila upande uchungulie waya mnene peke yake. Halafu nikaandika ile karatasi. Baba mkwe wako alivuta ncha moja, akavuta ya pili, akatikisa kichwa kwa heshima. Niliondoka pale kifua mbele.

Ndiyo maana niliwaambia msiuguse mpaka nije kuufunga mwenyewe. Wewe uliona ni mapenzi. Ulikuwa woga. Nilipanga mkianza kujenga nije na roli zima nibadilishe kabla mtu hajajua. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, macho yakaanza. Mambo yenyewe nikaanza kuyasahau, au tuseme nilijifunza kutoyakumbuka.

Ulipoandika habari za jirani, nilijua si jirani. Ulipoandika bomba la kijivu, nilijua ni waya upi. Na badala ya kukwambia, nikakuuliza duka. Nikakuuliza mita, huku naomba uniandikie tano, au kumi na nne, namba yoyote isiyo tisa. Barua yangu ya Aprili ilipaswa kuwa simu ya maandishi. Simu sikutuma kwa sababu karani wa posta angesoma, na huyu karani ananiita Fundi kila ninapopita. Fikiria jambo hilo, mwanangu. Nilikuacha na mtoto wako karibu mwezi mzima kwa sababu ya karani wa posta.

Siandiki haya ili unisamehe. Naandika ili mkwe wangu ajue pa kufungua. Azime meinswichi kwanza, na ufunguo wa boksi akae nao mfukoni. Aanze na ubao wa mita tisa, kisha ishirini na moja. Asijaribu kuziba wala kuunga upya. Waya wote utoke ukutani, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata sehemu zilizo nene. Asiamini hata shubiri moja yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha, na kifo nimekipangia chumba cha mtoto.

Mjomba wako, kama bado neno hilo linafaa


17 Mei 1989

Mjomba,

Shikamoo. Tuko hai wote watatu. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hutasoma kitu kingine mpaka ulione.

Simu yako ya maandishi ilifika Jumamosi, si siku uliyoituma. Tarishi aliipeleka karakana kwa mume wangu, kwa sababu mimi nilikuwa ndani naoka, sikumsikia akibisha. Mume wangu aliisoma akakasirika. Alikuja nyumbani anatembea tu, nyundo ya kung'olea misumari mkononi, karatasi yako mkono mwingine, akasema, "Leo nafungua, ili mimi na mjomba wako tumalizane." Meinswichi aliizima kwa kuwa karatasi ilisema zima. Oveni ilikuwa imewaka masaa manne.

Bi Mkubwa alikuwa kitandani. Na kitanda, mjomba, kilikuwa palepale pa zamani. Kule dirishani aliona baridi, akakivuta peke yake, akaniambia nisimwambie baba. Nilikuwa nimemkuta hivyo asubuhi nikasema nitakisogeza nikimaliza kukanda. Nilimaliza kukanda, nikasahau.

Mume wangu alimbeba akamweka ukumbini, akang'oa ubao wa kwanza. Mbele ulikuwa mzuri, rangi ya maziwa, na picha ya paka aliyoichora Bi Mkubwa kwa penseli. Nyuma ulikuwa mkaa. Moshi ulitoka taratibu, kama mtu aliyekuwa ndani anasubiri kufunguliwa. Bomba lilikuwa limeyeyuka likashikana na ubao. Mume wangu alibonyeza kidole pale nyuma ya picha ya paka, na kidole kikatokeza upande wa pili. Mbao zake, anazozipima kwa penseli nyuma ya sikio, kidole kikapita. Alikaa kwenye kitanda cha mtoto. Nilimwagia ukuta ndoo tatu za maji, kisha nikakaa naye. Barua yako ilifika siku sita baadaye, lakini tulikuwa tumeshauona utepe mweusi. Hakuna aliyehitaji kutuambia ni wa nani.

Nami nina langu. Nilijua tangu mwanzo kwamba ni waya wako. Tulikuahidi hatutaugusa mpaka uje, tukaugusa, na niliona haya kukwambia. Ndiyo maana nikasema duka, nikasema umelala salama. Ningeandika mstari mmoja tu mwezi wa Februari, kwamba mjomba tumefunga waya wako, ungeniambia tuuzime. Ungeniambia, sivyo? Nimejiuliza sana. Nilikutajia karatasi ya kwenye kopo la sukari ili ujue bila mimi kusema. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili tunaoheshimiana, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kimoja, na kitu chenyewe kiko nyuma ya mgongo wa mtoto.

Mume wangu amenunua waya mpya wa sita. Kabla ya kuutia kwenye bomba aliukunjua wote sakafuni, kutoka barazani mpaka jikoni, tukaupitisha vidoleni mimi na yeye, mita zote, tukiwa tumepiga magoti. Ni mzima. Ameufunga na fundi mwenye leseni, nje ya mbao, mahali tunapouona. Naoka tena. Hana kinyongo na wewe, au anacho na hasemi. Bi Mkubwa halali tena bila kugusa ukuta kwanza. Anagusa kwa mgongo wa mkono, sijui alinionea wapi. Anazunguka chumba kizima, kuta zote nne, hata ule wa dirishani ambao hauna kitu.

Sasa jambo ninaloandikia. Harusi ya dada mkubwa ilitangulia yangu kwa miaka mitatu. Nakumbuka ulivyoingia na roli la waya begani, bomba la kijivu, karatasi imening'inia. Nililipokea mimi. Dada ana jiko la umeme lenye plati nne, na watoto watatu wanalala chumba kimoja. Nimemuuliza, bila kumwambia kwa nini, waya wa jiko aliutoa wapi. Akasema, "Si ule wa mjomba! Huo ndio wa kuaminika."

Nijibu kwa simu ya maandishi. Karani asome tu.

Na unisamehe, mjomba, kwa hili la mwisho. Nakupenda, wewe ndiye uliyenifundisha kushika koleo kabla sijajua kushika mwiko. Lakini hata ukisema ule ni mzima, sijui kama nitaweza kulala.

Sindano


SIMU YA MAANDISHI
25 Mei 1989

WAYA WA DADA YAKO NI KIPANDE KIMOJA. AFUNGUE UKUTA HATA HIVYO. MJOMBA